Upanga mfupi wa baba mkwe: uwekwe wapi, na uwekweje

Swali limetoka kwa msomaji mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye sasa anaishi Kanazawa, Japani, pamoja na mkewe na mama mkwe wake. Baba mkwe alifariki mwaka jana akaacha upanga mfupi, wakizashi. Walipofungua kabati walikuta vitu viwili: ala nyeupe ya mbao tupu, haina hata pambo moja, na pembeni yake ala nyeusi inayong'aa yenye mpini uliosokotwa kwa hariri. Alipouchomoa huo wenye mapambo akakuta ndani yake ni ubao. Anauliza: "Je, mzee aliuziwa bandia? Na ule wa kweli tuuweke wapi? Mama anasema tokonoma, kile kijichumba cha ukutani, mke wangu anataka ukuta wa sebule, mimi natamani niutoe alani niuweke kwenye kioo, watu wauone chuma chenyewe. Na likizo nikija nyumbani, naweza kuja nao Pemba?"

Ndugu yangu, pole kwa msiba, na pole tena kwa hofu uliyoipata ulipoona ubao. Mzee hakuuziwa bandia. Ubao ule ni ushahidi kwamba aliutunza upanga wake kama wanavyoutunza wanaojua.

Upanga wa Kijapani una nguo mbili. Nguo za kutokea zinaitwa koshirae: ala iliyopakwa urushi, yaani utomvu wa mti unaokauka ukawa mgumu na kung'aa, kikingio cha mkono, tsuba, mpini uliovikwa ngozi ya taa, samaki yuleyule unayemjua, kisha ukasokotwa uzi. Nguo za kulalia ni ile ala nyeupe, shirasaya, ambayo Wajapani huiita pia yasumezaya, ala ya kupumzikia. Imechongwa kwa mti wa honoki, mti laini usioumiza chuma, vipande viwili vikaunganishwa kwa gundi ya wali. Gundi hiyo ni dhaifu kwa makusudi. Kutu ikiingia ndani, fundi huipasua ala katikati, akaisafisha, akaigandisha upya. Ala ya urushi huwezi kuifanyia hivyo bila kuiharibu.

Basi chuma kikihamia kwenye nguo za kulalia, nguo za kutokea hubaki na uwazi ndani. Mpini unalegea, tsuba inacheza, vipande vinapotea kimoja kimoja. Ndiyo maana huchongewa ubao wenye umbo lilelile la upanga, unaoitwa tsunagi, ukashika kila kitu mahali pake. Huo ndio ulioukuta. Mtu alilipa fundi auchonge, uingie barabara kwenye ala ile na kwenye tundu la kijiti cha mwanzi kinachofunga mpini. Kwa upanga usiothaminiwa, hakuna anayegharamia kazi hiyo.

Na hapo ndipo jibu langu lilipo. Onyesha nguo, chuma kipumzike. Ule mweusi wenye ubao ndani uweke mahali pa kuonekana, kila siku, mwaka mzima. Chuma kikae kwenye ala nyeupe, mahali pakavu penye giza, na kitoke pale tu mnapotaka kukitazama kwa heshima zake. Najua si hivyo ulivyotaka. Ulitaka kioo. Ngoja nikueleze kwa nini nakukataza.

Chuma hiki hakina kinga yoyote ya kutu. Kimetokana na tamahagane, feleji inayoyeyushwa kwa mchanga wa chuma na makaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Mpaka leo tanuri kama hilo huwashwa kila majira ya baridi huko Okuizumo, mkoa wa Shimane. Uso wake umesuguliwa kwa mawe, moja baada ya jingine, kuanzia lenye chembe kubwa hadi kipande chembamba kama ukucha kinachosukumwa kwa kidole gumba, mpaka chembe za chuma zenyewe zinaonekana. Uso huo uko wazi kwa hewa na kwa jasho. Ukienda Jumba la Makumbusho ya Panga za Japani pale Sumida, Tokyo, utaona vyuma vitupu ndani ya vioo, lakini vioo vile vimefungwa na hewa yake inapimwa. Kioo cha sebuleni hakifanyi kazi hiyo. Na kabati jipya la mbao za kubandikwa huwa linatoa mvuke wa gundi na rangi kwa miezi, ukijifungia humo pamoja na chuma.

Nitakusimulia lililonipata mwenyewe. Kuna mgeni nilimwonyesha tanto, kisu kirefu cha urefu wa chini ya sentimita 30, ambacho nilikuwa nimekabidhiwa nikitunze. Sijamaliza kufungua kinywa kumwonya, kidole chake gumba kimeshatua juu ya chuma, karibu na ncha. Nilifuta hapohapo, nikapaka mafuta, nikajua yamekwisha. Wiki tatu baadaye nilipokitoa, kidole kile kilikuwa pale pale. Michirizi yote ya gumba, mpaka kovu dogo lililokuwa juu yake, imechorwa kwa kutu ya rangi ya chai. Nilikipeleka kwa togishi, fundi wa kunoa na kung'arisha, akanieleza ukweli ambao sijausahau: kutu haifutwi, inaondolewa pamoja na chuma kilicho chini yake, na chuma kilichoondoka hakirudi. Upanga ulionolewa mara nyingi mno huitwa umechoka. Sitaki wa baba mkwe wako uchoke kwa sababu ya wageni wa sebuleni.

Sasa tuingie kwenye kuuweka. Kwenye picha uliyonitumia, upanga mweusi umelala juu ya kistendi chake, katanakake, lakini mpini uko kulia na makali yameelekea chini. Ugeuze. Makali yatazame juu, mpini uwe kushoto kwako unapousimamia mbele.

Makali kuwa juu si urembo. Wakizashi na katana, yaani upanga mrefu, huchomekwa kwenye mkanda makali yakiwa juu. Tachi, upanga wa zamani zaidi wa wapanda farasi, ndio uliokuwa ukining'inia makali chini, na ndio unaowekwa hivyo hata leo. Halafu kuna sababu ya chuma chenyewe: makali yakiwa juu, upanga hulalia mgongo wake ndani ya ala, na makali hayagusi ubao. Ndiyo maana hata ile ala nyeupe yenye chuma cha kweli ilale hivyohivyo.

Mpini kushoto watu huueleza kama ishara ya amani, kwa kuwa anayechomoa kwa mkono wa kulia itambidi kwanza augeuze. Ni kweli, na mgeni Mjapani atakusoma hivyo. Lakini jaribu kitu kimoja: mweke mkeo kwenye akili yako amesimama, upanga umechomekwa kiunoni kushoto, nawe umwangalie kutoka upande huo wa kushoto. Mpini utakuwa kushoto kwako, makali juu. Yaani upande unaouona kwenye kistendi ni uleule uliokuwa ukionekana na watu njiani, wenye kile kitundu cha kupitishia kamba, sageo. Ukiugeuza, unawaonyesha watu upande uliokuwa umelalia mbavu za mwenyewe. Mafundi walilijua hilo wakapanga mapambo yao kwa mujibu wake.

Utashawishiwa pia ununue katana ya kuiga ili kistendi kisiwe na nafasi tupu, kwa kuwa picha nyingi zinaonyesha jozi, daisho, ule mrefu juu na mfupi chini. Usinunue. Jozi ilikuwa haki ya samurai wa enzi ya Edo, 1603 hadi 1868, lakini wakizashi peke yake ilibebwa pia na wafanyabiashara na wasafiri. Na hata samurai, akifika nyumbani kwa mtu, aliuacha ule mrefu mlangoni akaingia na huu mfupi. Kwa hiyo kama kuna upanga wowote wa Kijapani uliozoea kukaa ndani ya nyumba, ni huu ulio nao. Tafuta kistendi cha upanga mmoja, cha mbao, kilichovikwa kitambaa laini pale ala inapogusa.

Kuhusu mahali, mama ana haki, kwa masharti. Tokonoma, hicho kijichumba cha ukutani chenye sakafu iliyoinuka kidogo, kazi yake inanikumbusha vidaka vya nyumba za kale za Lamu: mahali ambapo nyumba inaweka kile inachokithamini, na mgeni akiketi macho yake yanaishia hapo. Tofauti ni kwamba vidaka hujazwa vyombo, na tokonoma huachwa na vitu vichache sana. Picha moja ya kuning'inia, ua moja, na upanga. Kama mama ameweka na kikapu na mwanasesere na saa, mwombe kwa adabu avipunguze, au upanga usubiri zamu yake. Wajapani hubadilisha vitu vya tokonoma kwa majira. Hakuna ubaya mkiuweka Januari na kuupumzisha wakati wa mvua.

Masharti yenyewe ndiyo haya. Kwanza, gusa ukuta wa nyuma wakati wa baridi. Kama ni ukuta wa nje na unauona una ubaridi wa kutoa jasho, sogeza kistendi mbele, hewa ipite. Mji wenu una msemo kwamba hata ukisahau chakula chako usisahau mwavuli. Unyevu upo kiangazi, upo kipupwe, na upepo wa bahari unaleta chumvi. Pili, jua. Mwanga wa jua unaua urushi polepole: mng'ao unafifia, kisha uso unakuwa kama vumbi na hauzuii tena maji. Hariri ya mpini nayo inapauka upande mmoja. Tokonoma nyingi kwa bahati nzuri zina kiza. Tatu, kama butsudan ya familia, ile madhabahu ya marehemu, iko chumba hichohicho, weka umbali wa kutosha, kwa sababu moshi wa ubani unaochomwa kila asubuhi unaganda juu ya kila kitu. Nne, jiko la mafuta ya taa la kupashia chumba moto. Wengi hudhani linakausha hewa. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inatoa takribani lita nzima ya maji hewani. Kiyoyozi cha joto ndicho kinachokausha, na kikipuliza moja kwa moja, ala inasinyaa na kupasuka, ngozi ya taa inajikunja, mpini unalegea. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, si ghali, ukiweke karibu. Kwa huo mweusi, asilimia 50 hadi 60 ni pazuri.

Ukuta wa sebule aliousema mkeo siupendi, na sababu ni moja tu. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la Noto, la ukubwa wa 7.6, lilitikisa mkoa wenu wote. Kitu chochote kizito kilichotundikwa juu ya kochi au juu ya mahali mnapotandika godoro ni hatari, hata kama ndani yake ni ubao. Kiweke chini, na chini ya miguu ya kistendi bandika vile vipande vya mpira laini vya kuzuia kuteleza.

Na chuma kwenye ala nyeupe? Kiingize kwenye mfuko wake wa kitambaa, kilale mlalo droo ya juu ya sanduku la mti wa kiri kama mnalo, lenye kufungwa kwa ufunguo kama kuna watoto. Usikisimamishe, mafuta yatashuka upande mmoja. Usikifunge kwenye plastiki. Na ala nyeupe si ya kuchezea: mpini wake hauna kitu cha kuushika sawasawa, ukipunga, chuma kinaweza kutoka kikaruka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilingojea tangu nilipoona umeandika Wete. Mafuta ya kupaka upanga huu huitwa choji abura. Choji ni karafuu. Nunua chupa, fungua, nusa, na utakuwa umesimama penye jamvi lililoanikwa karafuu. Siku hizi sehemu kubwa ya mafuta hayo ni mafuta ya madini yaliyotiwa mafuta ya karafuu kidogo, lakini harufu ni yenyewe. Karafuu ilifika Japani kama dawa na kama ubani karne nyingi kabla haijapandwa Unguja na Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Kuna zaidi. Ule mstari mweupe unaopanda na kushuka kando ya makali, hamon, una maumbo yenye majina, na moja linalopendwa kuliko mengi linaitwa choji, kwa sababu kila kilele chake kina kichwa cha mviringo na shingo nyembamba kama tumba la karafuu. Mafundi wa Bizen, jimbo la kale la Japani, walisifika kwalo enzi ya Kamakura, 1185 hadi 1333. Siwezi kukuahidi kwamba umbo hilo limo kwenye upanga wa mzee. Lakini katika nyumba hiyo nzima, wewe ndiwe utakayelitambua kwanza kama limo.

Kusafisha kwenyewe si kugumu, kunataka utulivu. Nawa mikono, vua pete na saa. Usizungumze ukiinamia chuma, mate yanaruka. Shika ala kwa mkono wa kushoto kutoka chini, mpini kwa wa kulia, makali juu. Legeza kwanza kidogo kwa kusukuma kidole, kisha toa taratibu, mgongo ukiteleza kwenye ubao, mpaka ncha itoke yote. Watu wengi hujikata wakati wa kurudisha, si wa kutoa, kwa kuwa macho yameshaondoka kwenye ncha. Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini ya Kijapani au kitambaa safi cha nyuzi ndogo, ukikumbatia mgongo, kutoka kwenye pete ya shaba iliyo karibu na mpini, habaki, kuelekea kwenye ncha, upande mmoja tu wa mwendo. Yakigoma, kuna ethanoli safi isiyo na maji kwenye maduka ya dawa huko. Tone kwenye kitambaa linatosha. Kijifuko cha unga wa jiwe, uchiko, kipo kwenye kila seti inayouzwa, na walimu wa zamani hukitumia. Kwa mtu asiyefundishwa mimi nasema kiache kwenye boksi, maana kinakwaruza kidogo kidogo. Mwisho paka mafuta, membamba kiasi kwamba huoni matone. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka huu wa kwanza, na usikose mwezi Juni kabla mvua haijakolea. Baadaye mara mbili kwa mwaka itatosha.

Ukitoa kijiti cha mwanzi ukaufungua mpini, utakuta mkia wa upanga umejaa kutu nyeusi. Usiuguse kwa msasa wala dawa. Kutu hiyo ndiyo umri wake, na ndani yake huenda kuna jina la fundi. Nimeona mkia uliosuguliwa ukang'aa kama kijiko kipya na mwenyewe, kwa mapenzi tu, akiwa ameufuta ushahidi wa miaka mia tatu.

Huo ndio wakati wa kuonyesha chuma: siku ya kusafisha. Zima taa kubwa, washa balbu moja ya wazi kwa mbele, uinue upanga mkono ukiwa umenyooka, na uinamishe taratibu mpaka mwanga utembee kando ya makali. Katika sebule yenye mwanga wa dari, kwenye kioo ulichokitaka, wageni wangeona kipande cha chuma kinachong'aa, basi. Mwite mama akae karibu. Huenda hajakiona tangu mumewe alipokuwa akifanya kazi hiyo mwenyewe.

Kisheria, tafuta karatasi iitwayo torokusho. Kwa kawaida inakaa pamoja na upanga. Ina namba, urefu, kiasi cha kupinda na idadi ya matundu ya mkiani. Nyingi zina tarehe ya Showa 26, yaani 1951, pale usajili ulipoanza. Pima ulinganishe. Upanga ukibadilisha mwenyewe, taarifa inapelekwa ndani ya siku 20 kwenye Bodi ya Elimu ya mkoa uliotoa karatasi hiyo, na mkoa huo huenda usiwe wenu wa Ishikawa. Ninyi mmechelewa, pelekeni hivyohivyo, kwa jina lako au la mkeo. Kama karatasi haipo kabisa, msiubebe barabarani kwenda kwa yeyote. Pigeni simu polisi kwanza, waambieni mmeupata nyumbani kwa marehemu, na wao watawaelekeza namna ya kuusajili.

Pemba, ndugu yangu, usije nao. Kuutoa Japani kunataka kibali cha Wakala wa Utamaduni, na karatasi ya usajili inarudishwa. Ukiurudisha Japani unaanza usajili upya. Hapo bado hujafika kwa forodha wa huku. Na hewa ya Wete kwa chuma kile, unaijua mwenyewe ilivyo kwa bati na misumari. Uje na picha. Na ukirudi Kanazawa, mchukulie mama konzi ya karafuu, umwekee kwenye kisahani, umfungulie na ile chupa ya mafuta, anuse vyote viwili.